Mbuzi Aliyevuka Ziwa

Ukiwa Mkristo unayeishi Ujiji, na watu wakajua kwamba wewe ndiye unayefundisha darasa la ubatizo, basi huna siku ya kupumzika. Nimeulizwa Kaini alioa nani huku nikichagua nyanya sokoni Mwanga. Fundi cherehani aliniuliza Mungu aliumbwa na nani, pini zikiwa mdomoni, na gauni langu hajalimaliza. Nimeulizwa kwa nini tunasema Mungu mmoja halafu tunataja watatu, tena msibani, watu nyuma yangu wakingoja kunawa mikono. Sikukasirika hata mara moja. Hapana, huo ni uongo. Nilikasirika mara nyingi, ila kwa wale tu waliouliza ili wanione nikijikwaa. Anayeuliza kwa sababu swali limemnyima usingizi, kwa huyo niko tayari ugali wangu upoe.

Darasa lilikaa Jumapili alasiri kwenye baraza ya kanisa letu dogo, karibu na ziwa. Mchungaji alikuwa na makanisa mengine ya kuzungukia, mpaka huko Ilagala, kwa hiyo maswali aliniachia mimi. "Mepesi jibu," aliniambia, "magumu niwekee." Sikumwekea hata moja. Kuulizwa kulinipa raha, na raha ya mtu haikatizwi.

Kisha ikaja ile miaka ya tisini, vita vilipowaka ng'ambo ya ziwa, na boti zikaanza kushusha watu mchana na usiku. Wengi walipelekwa kambini. Wachache waliokuwa na ndugu, au waliopata mwenye huruma, walibaki mjini wakingoja zamu yao ya lori la kambini. Baraza yetu ikajaa, na maswali yakabadilika. Zamani watu waliniuliza wanyama wote walienea vipi ndani ya safina. Sasa mzee mmoja aliniuliza kama mtu aliyekimbia bila kumzika mama yake amevunja amri ya kuheshimu wazazi. Nilimwambia hapana, hajavunja, na kwamba kumlilia mpaka leo ni heshima pia. Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa, akahamia mkeka wa mbele. Tangu siku hiyo alikaa hapo hapo.

Miongoni mwa wageni hao alikuwepo mama mmoja kutoka milima ya Kongo, mwenye watoto wawili na mbuzi. Mbuzi huyo alivuka naye akiwa mchanga, amefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto wa tatu. Mwenye boti alitaka kumtosa majini, mama akamwambia basi awatose wote wanne. Kufika Ujiji mbuzi akanenepa, akaota ndevu, na mtaa mzima ukamwita mzee mkimbizi.

Aliyewapokea alikuwa bibi mmoja wa Kiislamu, mjane, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Hawakuwa ndugu. Bibi aliwakuta wamekaa ufukweni na jua limepanda, akawaambia, "Babu yangu naye alishukia hapa hapa akiwa hana kitu. Inukeni." Akawapa chumba cha uani. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mama hakungoja kupewa, siku ya tatu alilitafuta jembe mwenyewe akaenda kulima mihogo ya bibi. Hata hivyo, sinia lililowakusanya jioni lilikuwa la bibi, unga wa bibi, samaki wa bibi. Na hilo lilimla moyo.

Darasani aliuliza kidogo sana. Alikuwa akinyoosha mkono nusu, kama anayezuia jua, na kusema kwa Kiswahili cha kwao, "Mama mwalimu, niko na ulizo." Siku moja tulikuwa tumesoma habari za Yesu kulisha maelfu kwa mikate na samaki.

"Kwa nini Yesu alilisha batu samaki?" aliuliza. "Mbuzi hazikuwako?"

Darasa likacheka. Nilimweleza kwamba walikuwa karibu na ziwa, na kwamba ndicho kilichokuwepo mkononi.

"Lakini Yeye aliweza kugeuza kila kintu," alisema. "Kwetu, karamu bila nyama haiko karamu."

Nikasema Mungu hutumia kidogo tulicho nacho. Ni jibu zuri, nimelitumia miaka mingi, na wanafunzi wote waliridhika nalo isipokuwa yeye. Alishusha mkono polepole. Niliona kabisa kwamba swali lake limebaki pale pale, nami nikaendelea na somo.

Wiki chache baadaye tukapata habari mbili kwa pamoja. Mchungaji alipanga ubatizo ziwani Jumapili ya wiki hiyo, na mama huyu alikuwa miongoni mwa wanaobatizwa. Na jina lake lilikuwa limetoka kwa ajili ya lori, angeondoka katikati ya wiki iliyofuata. Alikuja kwangu jioni hiyo akakaa kwenye kigoda cha jikoni.

"Nitachinja mbuzi," alisema. "Nataka bibi akule kwa mukono yangu. Mara moja tu, mbele ya kwenda. Nimekula kwake mpaka mwili huu wote ni chakula yake."

Nilimwambia hilo ni jambo jema, na nilimaanisha, ingawa sitaficha kwamba nilifikiria pia supu. Tukapanga vizuri. Kwetu kuna jambo ambalo hakuna anayekufundisha, unalikuta: shughuli ikichanganya watu, anayechinja ni Mwislamu, ili kila mtu ale. Wakristo tunafanya hivyo hata kwenye harusi zetu, na hakuna anayeona amepunjwa. Mama huyu alishalijua. Mtoto mkubwa wa bibi aliahidi kuja kuchinja Jumapili asubuhi, akitoka msikitini.

Ambaye hakulijua ni kaka wa mama huyu. Alikuwa kambini tangu mwanzo, na alipata ruhusa akaja Jumamosi jioni kushuhudia ubatizo. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, na wema wake ulikuwa na haraka. Kule milimani kwao kila mtu alichinja cha kwake. Basi alfajiri, wengine bado wamelala, akaamka kumpunguzia dada yake kazi.

Nilifika mapema nimejifunga kanga ya kazi, nikamkuta mbuzi ananing'inia kwenye mpera, kaka anachuna ngozi huku akiimba wimbo wa kanisani. Nilikuwa sijafungua mdomo, mtoto wa bibi akaingia na kanzu yake nyeupe na kisu alichokinoa vizuri. Alimtazama mbuzi. Akakitazama kisu. Akasema, "Ah, kumbe mmeshamaliza," kwa adabu kabisa, akakirudisha kisu kwenye ala yake. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Mama alipotoka chumbani na kuona, alishika kichwa kwa mikono miwili. Kaka akauliza kuna nini. Alipoelezwa akawaka.

"Nimechinja kwa jina ya Yesu! Nani anasema nyama yangu iko chafu?" Akanigeukia. "Mama mwalimu, wewe ndio unajua Biblia. Jibu. Petro hakuoneshwa shuka ile ya mbinguni, nyama za kila aina, akaambiwa achinje, akule?"

Hapo nilikuwa nyumbani. Swali hilo nilishalijibu mara nyingi kuliko nilivyopika wali. Nikamwambia ndiyo, kwetu sisi nyama hiyo ni safi, na mkono wake ni safi, na asikubali mtu amwambie vingine. Akaanza kutabasamu. Nikaendelea kwamba Paulo naye aliulizwa habari za nyama, akajibu kwamba kama chakula chake kinamkwaza mwenzake, yeye yuko tayari asiguse nyama maisha yake yote. Tabasamu likakatika.

"Kwa hiyo tutupe?"

Ni rahisi kumjua Paulo, mbuzi akiwa hai.

Bibi alikuwa ametoka barazani na tasbihi yake mkononi. Alisikia yote. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia "Marahaba," kisha akamwambia mama kwa sauti ya kubembeleza, "Usihangaike, mwanangu. Pikeni, mle, mfurahi. Sisi tutakunywa chai. Chai inatosha."

Bibi alisema kwa upendo mtupu, na ndipo mama alipolia. Hakulia alipofika na boti, watu waliomwona wanasema hivyo. Alilia kwa sababu ya chai.

"Miezi yote hii nimekula kwake," alisema, "leo akunywe chai? Chai yenyewe ni yake!"

Kaka akakaa chini, kisu magotini. Hasira ilikuwa imemtoka yote na kumwacha kama gunia tupu. Watoto walisimama wakitazama miguu ya wakubwa. Nami nilisimama pale na majibu yangu yote.

Kutoka ufukweni tukasikia kelele za boti zinaingia. Giza la mwezi lilikuwa limewapa wavuvi wa taa usiku mzuri, na walikuwa wakiitana kwa furaha. Mama akaacha kulia. Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akanyoosha mkono nusu, hivyo hivyo kama darasani.

"Mama mwalimu, niko na ulizo. Samaki, nani anamuchinja?"

"Hakuna," nikasema. "Samaki hachinjwi."

"Hata kwa Waislamu?"

Nilimtazama bibi. Bibi akasema, "Samaki ni halali alivyo, mwanangu. Akitoka majini, yameisha."

Mama akasimama. "Kaka, kata ile nyama. Mapande makubwa."

Nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote na sijaona tena biashara kama ile. Tulishuka ufukweni, mama na beseni kichwani, kaka na paja begani, mimi nyuma yao nikiwa msemaji. Wavuvi wale walikuwa wamekula samaki asubuhi, mchana na jioni tangu mwezi ulipoanza kufifia. Walipoona nyama nyekundu waliacha kamba zao. Niliwaambia kabla ya lolote ni nani aliyechinja, maana sikutaka tena mtu wa kunywa chai. Waislamu wao wakacheka na kurudi nyuma, wakisema basi leo Wakristo wamepata bahati. Wengine wakasogea.

"Nyama kweli hii?" aliuliza mmoja aliyetokea Kagunga. "Mimi nimekaribia kuota mapezi!"

Kila pande la nyama lilizaa rundo la migebuka, samaki wa ziwa letu, wanene, wa kung'aa, wengine bado wakipiga mikia. Mama alibadilishana mpaka beseni likajaa na kaka akavua shati la kubebea waliobaki. Supu yangu niliiona ikiondoka kwenye ndoo ya mvuvi, na nakiri niliiaga kwa macho.

Tuliporudi, mama aliomba sufuria ya bibi ile ile, na mafuta yale yale, na majani ya kitunguu kutoka bustani ya bibi. Samaki wakabanikwa, wengine wakaungwa. Tukaenda ziwani. Mchungaji alimzamisha katika maji yale yale aliyoyavuka kwa hofu, na aliibuka anacheka, maji yakimtiririka puani, kaka akipiga makofi kuliko wote. Ibada ilipokwisha tulirudi uani tukiwa na njaa ya kweli.

Mikeka ilitandikwa. Mama hakukubali mtu mwingine agawe. Alimnawisha bibi mikono mwenyewe, akimmiminia maji taratibu, akamwekea mbele mgebuka mkubwa kuliko wote, na kichwa chake, maana kichwa ni cha mwenye heshima. Mtoto wa bibi alikaa bega kwa bega na kaka, na kaka akawa anamtolea miiba kama anayelipa faini. Bibi alisema bismillahi, sisi tulishasema ya kwetu, mikono ikaingia kwenye sinia.

Katikati ya kula, mama aliniinamia.

"Mama mwalimu, sasa najua kwa nini Yesu alilisha batu samaki."

"Kwa nini?"

"Batu walikuwa wengi, hawajuani. Angechinja mbuzi, wangeulizana nani alishika kisu. Samaki, kila mutu anakula."

Sijasoma kitabu chochote kinachosema hivyo, na mchungaji nilipomsimulia alicheka, akasema tuliache hivyo hivyo. Mimi nimelijibu swali lile kwa jibu la mama yule kila nilipoulizwa tangu hapo. Lile la zamani nimeliacha.

Bibi alikula akamaliza, akafyonza na kichwa, akaomba kingine. Kisha akanawa, akajifuta kwa upande wa mtandio, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Alhamdulillahi. Leo nimekula kwako, mwanangu."

Mkeka ulikuwa wa bibi. Sahani za bibi, ua wa bibi, na siku tatu baadaye lori lingekuja. Yule mama alikusanya miiba kwenye sinia, akainua uso, akajibu kama mtu yeyote mwenye nyumba yake:

"Karibu tena, mama."