Nilitoa kondoo wa shukrani kwa kupona, kumbe figo ndiyo ilikuwa inakufa

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama humu mko wengi.

Akaunti amenifungulia mjukuu, ila kuandika naandika mwenyewe, na hii sio chai, ni kweli tupu. Anayetaka kucheka acheke. Mimi mwenyewe nimeshajicheka sana, japo ilichukua miaka.

Ni enzi zile za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang. Mimi ni mtu wa Daudi, Mbulu, kwetu tunalima vishamba vya mlimani kwa jembe. Sasa siku nilipokabidhiwa kombaini ya kuvuna ngano, nilijiona rubani. Nikanunua na miwani ya jua. Nikawa naongea na watu kama vile bado niko juu ya mashine.

Tatizo likawa moja. Shamba lile ni tambarare, ngano mpaka macho yanachoka. Hakuna kichaka, hakuna mti. Na nyuma ya mashine wako akina mama wanaokota masuke yaliyodondoka, wengine ni wa kwetu kabisa, asubuhi nimewaamkia shikamoo. Utashukaje ukojoe mbele ya mtu uliyemwamkia?

Wenzangu walikuwa wanazunguka upande wa pili wa tairi, yanaisha. Mimi mwenye miwani nikaona hiyo aibu. Nikaja na solution ya kisomi: sinywi maji. Kikombe kimoja cha chai asubuhi, basi, mpaka jioni. Jua lile, vumbi lile!

Mke wangu, Mama Elibariki, ananifungia maji kwenye kidumu, narudi nacho kimejaa. Akiuliza nasema, "Opereta hasikii kiu." Ndivyo nilivyokuwa mjinga, wakuu.

Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Nikasema ni vumbi. Vumbi linaingiaje kwenye mkojo, msiniulize.

Msimu wa tatu, mchana kweupe, nikashikwa. Maumivu yalianzia ubavu wa kushoto yakashuka mpaka kinenani. Nilizima mashine, nikateremka, nikagaagaa kwenye mabua huku natapika. Akina mama wakaja mbio. Yule niliyekuwa namwonea aibu kuliko wote ndiye aliyenishika kichwa. Nilipokojoa ilikuwa damu, na aibu yote sikuikumbuka.

Mganga wa zahanati ya kambini akanipa dawa ya maumivu na barua ya rufaa. Akaniambia, "Nahisi ni jiwe kwenye njia ya mkojo. Nenda wiki hii hii wakakupige picha."

Sikwenda. Niliogopa kwamba nikiondoka katikati ya mavuno, kombaini anapewa mtu mwingine. Barua nikaifungia kwenye sanduku, foreman nikamdanganya kuwa ni mgongo, kiti kibovu.

Maumivu yakarudi mara mbili tatu, halafu yakapotea. Yamepotea kabisa, na damu hakuna. Jamani, nilifurahi!

Mama Elibariki akasema, "Baba Elibariki, barua bado ipo. Nenda tu hata sasa."

Nikamjibu, "Wakatibu nini, na mimi ni mzima?"

Mavuno yalipoisha nikapanda Daudi, nikapeleka kondoo kanisani kama shukrani ya kuponywa. Nikasimama mbele ya waumini nikatoa ushuhuda mrefu kweli, mpaka mchungaji akawa anakohoa. Vigelegele vikapigwa. Mke wangu hakupiga. Alikuwa ananitazama tu.

Miezi michache baadaye, tumesharudi kambini, homa kali, natetemeka, ubavu haugusiki. Safari hii mke hakuniuliza. Alivunja kufuli ya sanduku, akachukua barua, akanipandisha kwenye lori la shamba tukaenda mpaka hospitali ya rufaa.

Daktari bingwa wa mambo ya mkojo alikuwa kijana kuliko mimi. Wakanichoma kwenye mshipa dawa ya kuonyesha figo, wakapiga picha. Figo ya kulia ikaonekana vizuri. Ya kushoto haikuonyesha kitu.

Akanieleza taratibu. Jiwe liliziba njia, mkojo ukarudi nyuma, figo ikajaa ikavimba, mwishowe ikaacha kufanya kazi. Ndiyo maana maumivu yakatulia. Ningekuja mapema jiwe lingetolewa na figo ingebaki.

Nikauliza, "Kwa hiyo daktari, wakati mimi nashukuru..."

"Wakati huo ilikuwa inakufa, ndugu yangu."

Nililia, wakuu, mtu mzima na ndevu zangu. Wakaitoa.

Mama Elibariki, pembeni ya kitanda, akasema, "Mungu alikuletea mganga na barua. Wewe ukampelekea kondoo."



Wakuu, nimebaki na moja, na naishi nayo kwa adabu. Nakunywa maji, na haja ikija natafuta pa kwenda. Ninachowaomba ni hiki: maumivu ya ubavu yakikuacha bila kutibiwa, usidhani umepona, kapimwe. Damu kwenye mkojo hata mara moja, hata kama hauumwi popote, usisubiri ya pili. Lolote kati ya hayo likija na homa, nenda siku hiyo hiyo. Na nyie wazee wenzangu mnaosimama chooni mnabembeleza mkojo utoke, mnaambulia matone, acheni kusingizia umri. Anzeni zahanati au hospitali ya wilaya, na mkiandikiwa rufaa kwa bingwa, nendeni.

Niulizeni chochote, nitajibu bila kuficha. Ila wewe ambaye umeshaona damu ukanyamaza, na sasa unasoma huku unajiambia mbona iliacha yenyewe, usinijibu hapa. Nenda kwanza.