Mfarishi Ulioshonwa kwa Jua la Same

Mama alikuwa mbishi, nami ubishi huo nimeurithi mzima mzima, kwa hiyo msishangae mkisikia tulivyogombana.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vimekwisha lakini nguo bado za kubahatisha. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, nimerudi kujifungulia kwa mama, huku kwetu juu Upareni ambako msimu wa baridi ukungu huingia mpaka jikoni. Mama akaapa mjukuu wake hatalala katika baridi ile bila mfarishi. Vitambaa viwili vya kaniki alikuwa navyo, na blanketi kuukuu la kutia katikati, na cherehani ya mkono ambayo marehemu baba alimletea kutoka mashamba ya mkonge. Alichokosa ni macho.

Yalikuwa yakimwishia taratibu, naye akificha. Sote tulijua. Akisalimiwa njiani aliitikia sauti, uso hakuutambua. Ila cherehani hakuiacha ng'o. Kwanza alipiga bandi, mishono mirefu ya muda, kwa uzi mnene mweupe ili aone njia juu ya kaniki. Akabandika karatasi nyeupe kwa ugali, nyuma ya sindano, ili sindano isipotelee kwenye weusi wa cherehani. Mimi nilimtungia uzi. Kila alipomaliza mstari aliupitishia ukucha wa kidole gumba, na akikuta mahali pameruka au pamepinda, alifumua wote. Alitaka mshono mdogo, wa kukaribiana. Mshono mkubwa ni wa magunia, alisema, na mtoto si mahindi.

Siku tatu ukungu haukuinuka. Alikaa mlangoni na cherehani yake, uzi mweusi juu ya kaniki, haoni kitu. Mstari mmoja aliufumua mara nne. Nikamwambia basi aache, mwanangu nitamfunika kanga kama watoto wote walivyofunikwa. Kesho yake alijitwika cherehani, akafuatana na wanawake waliokuwa wakishuka sokoni Same, akae kwa mdogo wake karibu na reli. Kule jua ni kali, alisema, hata uzi mweusi atauona. Siku nne tu, kisha atarudi, na mimi kwa hesabu yetu nilikuwa bado na mwezi mzima. Nilimnunia. Hata kumuaga sikumuaga vizuri.

Uchungu ulinishika siku ya tatu. Jirani yetu, mama aliyezalisha nusu ya kijiji, alinipokelea mtoto wa kiume alfajiri. Alipumua mpaka adhuhuri, akatulia. Wakamzika jioni ileile ndani ya kanga yangu. Nilimtaka mama yangu mpaka nikamchukia.

Sasa kwetu, mtu aliye njiani na mzigo kichwani hapewi habari ya msiba. Huachwa afike, atue, anywe maji, akae, ndipo mkubwa mmoja amweleze. Kwa hiyo siku iliyofuata, mama alipokuwa akirudi, mlima mzima walimwamkia tu. Shikamoo mama, marahaba, za Same, nzuri. Mwenye macho angezisoma nyuso zao. Yeye alipanda akiwa na furaha yake.

Jirani alimtua cherehani, akampa maji. Mama akasema maji baadaye, akaja moja kwa moja kitandani kwangu, akaukunjua mfarishi juu ya miguu yangu.

"Angalia mshono," akasema. "Niliuona, mwanangu. Wote niliuona."

Nikaangalia. Mistari ilikuwa imenyooka tangu upindo hadi upindo, mshono mdogo kama ufuta uliopangwa. Sijaona tena kazi kama ile maishani mwangu, na nimezeeka.

Akanyoosha mkono anishike tumbo, kama alivyozoea. Mkono ukasimama. Kisha akacheka kwa furaha, maskini, akaanza kupapasa kitanda upande wa ukutani.

"Kumbe amekuja! Nipe nimfunike."

Jirani akafungua kinywa, lakini mimi nilimtangulia. Hasira zangu hizi.

"Tumemzika jana," nikasema. "Ungekaa nami, mama."

Hakulia. Alikaa chini palepale, ameushika mfarishi kwa ncha. Akaniuliza jambo moja tu.

"Alisikia baridi?"

Hakuisikia. Alikuwa kifuani kwangu muda wote, moto ukiwaka, na mwili wake ulikuwa na joto mpaka mwisho. Nikamjibu ndiyo, alisikia.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, macho yakamwishia kabisa, na cherehani hakuigusa tena. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimshika mkono kumpeleka kanisani kila Jumapili. Kumwambia kwamba mtoto hakusikia baridi, sikumwambia.