Mama Mkwe Katika Gari la Viti Viwili

Gari lile lilikuwa na viti viwili tu, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza machoni pangu. Mtu ana mke, ana watoto watatu na wa nne yuko tumboni, halafu anakwenda kujitwalia gari la watu wawili. Lilikuwa jekundu, fupi, halina paa ila turubai lililochanika, na lilikaa chini kiasi kwamba kuku wa kambi ya reli walilitazama usawa wa macho. Aliliacha mfanyabiashara mmoja Mgiriki alipoondoka Kindu, wakati maduka ya wageni yalipogawiwa raia. Raia aliyepewa duka lake hakulitaka gari, maana halikuweza kupakia hata gunia moja la mpunga. Mume wangu, karani wa reli, alilipata kwa kutoa redio na mbuzi wawili. Redio ilikuwa yangu.

Injini ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni miguu. Raba zote za maungio ya magurudumu zilikuwa zimelika, na vile vyombo vinavyolizuia gari lisirukeruke, ambavyo mafundi wa kwetu huviita amortisa, vilikuwa vimevuja mafuta yote. Ukiingia tundu moja, gari lilirukaruka mpaka tundu la pili, na Kindu haikuwahi kukosa tundu la pili. Vipya vilikuwa Ulaya. Kuviagiza kungekula mishahara ya karani, na mishahara yenyewe tulikuwa tukiisubiri kama mvua.

Mume wangu alikuwa na kanuni yake: kisichokufa hakizikwi. Hakununua kitu mpaka amehakikisha kuwa kile cha zamani hakitengenezeki. Aliegemea kila pembe ya gari kwa uzito wake wote, akaachia, kisha akahesabu limeinama na kuinuka mara ngapi. Pembe ya mbele kushoto iliinama na kuinuka mara saba. Akasema inakubali kila kitu, kama mjumbe katika mkutano wa chama. Nikamwambia ashushe sauti, nyumba za kambi zilikuwa na masikio.

Sitadanganya, nilianza kufurahi kumwona kazini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama kila alasiri, miguu yake tu ikionekana chini ya gari. Alizifungua springi za nyuma, vile vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, akakwangua kutu, akapaka grisi, akazirudisha. Raba alizipeleka kwa fundi viatu wa sokoni, aliyekuwa akishona makubazi kwa matairi ya malori. Fundi aliishika raba moja mbovu, akaigeuza, akauliza kwa utulivu kama ni ya mguu wa kushoto au wa kulia. Kisha akachonga nane kwa kisu chake cha makubazi, na kazi yote ikaisha kwa sahani mbili za wali na samaki.

Zikabaki amortisa. Siku moja mume wangu akasema amezijaza mafuta. Nilipomuuliza amepata wapi mafuta ya namna hiyo, akasema hiyo ni siri ya fundi. Jua likiwa bado kali, akanipakia na sufuria ya maji mapajani, tukaenda hadi stesheni na kurudi. Maji hayakumwagika. Njia nzima niliitazama sufuria nikitafuta tone la kumlaumia, na mume wangu alijua maana yake.

Hapo ndipo nilipomfikiria mama yangu.

Mama alikuwa akikaa mtaa wa Mikelenge kwa kaka yangu. Alianguka akitoka kuchota maji, mgongo ukaharibika, na kwa miaka miwili hakufika kanisani. Walijaribu kumbeba kwa baiskeli, akarudi akilia. Mwanangu wa nne alipozaliwa, msichana, tulimpa jina la mama. Si lile la mtakatifu, maana miaka ile majina ya watakatifu yalikuwa yamepigwa marufuku na serikali, bali lile la ukoo, alilopewa na bibi yake huko Kasai. Jina hilo mama hakuwahi kulisikia likitamkwa na padri hata siku moja. Aliniambia anataka jambo moja tu kabla hajafa, naye hakuwa mtu wa kusema ovyo kuhusu kufa: alitaka kuwa ndani ya kanisa siku padri atakapolitaja.

Lakini palikuwa na shida ambayo fundi yeyote wa Ulaya asingeielewa. Kwetu Wakasai, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Mama na mume wangu walikuwa na miaka tisa ya heshima hiyo, na katika miaka yote tisa mama hakuwahi kumwambia neno lolote moja kwa moja. Na sasa tulikuwa na gari ambalo abiria wake hugusana viwiko. Mimi sikujua kuendesha, na mume wangu hakumwamini mtu mwingine yeyote na usukani ule.

Mama aliitatua mwenyewe. Alisema atajifunika kikwembe, kile kitenge chake, kichwani, atageukia upande wa nje, na mimi nitatembea kando ya gari niwe mdomo wao. Kwa barabara zile, mtu mwenye haraka angelipita gari kwa miguu.

Wiki moja kabla ya ubatizo tulifanya jaribio, asubuhi na mapema, kukiwa na ubaridi wa mvua ya usiku. Mume wangu alivaa shati jeupe. Mama akapandishwa, akajifunika, akageukia nje. Gari likaondoka, mimi kando yake na mtoto mgongoni. Kwenye tundu la kwanza lilipiga kama mchi kwenye kinu. Kwenye la pili nilimwona mama akishika mlango kwa mikono miwili.

“Mwambie bwana yako asimame,” aliniambia. “Hii motokari inanipiga mu mugongo.”

Nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia. Alisimamisha. Kaka yangu na jirani wakambeba mama kumrudisha nyumbani, na mama akasema basi, Mungu amekataa, tumbatize mtoto bila yeye. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma.

Hasira yangu haina breki. Siku ileile nilimpa dereva wa lori ujumbe wa kupeleka Kalima, kwa mchuuzi wa madini ambaye mara mbili alikuwa ameomba kuuziwa gari. Aje Jumapili ya ubatizo na pesa zake. Mume wangu hakubisha. Alisema tu kwamba kama gari haliwezi kumbeba mama yangu, halina kazi nyingine, na kwamba neno likishatoka tutalisimamia. Akatoka kwenda kulisugua taa.

Siku ya pili yake nilikuwa jikoni kabla ya jua kupanda, nataka kukaanga mandazi. Mtungi wangu wa mafuta ya mawese ulikuwa mwepesi. Nikauinamisha, hakuna kilichotoka. Mafuta yalikuwa yameganda, mazito na ya manjano, kama yanavyofanya kila asubuhi ya baridi katika kila nyumba ya Maniema. Nikauweka karibu na moto nikisubiri yaamke, nikijiuliza ni nani aliyepunguza nusu mtungi. Na hapo nikakumbuka kuwa wiki nzima, kila tone la mafuta lilipodondokea bomba la moshi, gari lile lilinukia mandazi. Nilikuwa nimedhani ni njaa yangu.

Nilimkuta mume wangu akivaa viatu vya kazi.

“Uliweka mawese mule?” nikamuuliza.

Alitazama viatu. “Mafuta njo mafuta,” akasema.

“Mafuta ya mawese inalala asubui,” nikamwambia. “Kila mwanamuke anajua.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu aliyejua kila uzi wa kila nati alikuwa amekula mawese tangu aachishwe ziwa, lakini hakuwahi hata mara moja kuyaona asubuhi ndani ya mtungi. Yeye huyaona mchana, mekundu, yakitiririka juu ya majani ya mhogo. Ndiyo maana alasiri gari lilikuwa laini na alfajiri likawa jiwe: amortisa zilikuwa zimelala. Akaanza kucheka naye, kwanza kwa aibu, kisha kwa nguvu, na akachelewa kazini kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka.

Alitaka kuyamwaga. Nikamkatalia, maana dawa ilikuwa jikoni kwangu. Ukiyaacha mawese yatulie siku kadhaa bila kuyatikisa, yanajigawa yenyewe. Chini kunakaa yale mazito ya kukaangia. Juu kunabaki mafuta mekundu, mepesi, ambayo wauzaji huyatenga kwa wateja wao wazuri kwa sababu hayagandi upesi. Nilinunua chupa nne kwa mwanamke wa sokoni niliyemwamini, nikazipanga kivulini, na nikawaapia watoto wangu fimbo kama wangezigusa. Siku ya nne nikachota ya juu kwa kijiko, polepole, nikayachuja kwa kitambaa cha ubatizo wa mtoto aliyetangulia. Mume wangu alizifungua amortisa, akaziosha kwa petroli, akazijaza tena. Alishika kijiko changu kwa adabu, kama mwanafunzi.

Kiasi kidogo nilikiacha ndani ya chupa, nikaiweka dirishani, iwe shahidi wetu. Asubuhi ya ubatizo kulikuwa na baridi kuliko ile ya jaribio. Niliamka, nikaiinamisha chupa kabla hata sijanawa uso. Mafuta yakateremka.

Mama alikubali kupanda kwa shingo upande, kwa sababu yangu. Alijifunika, akageukia nje, nami nikakaa mahali pangu kando ya mlango, mtoto mgongoni. Kwenye tundu la kwanza gari liliinama, likainuka mara moja, likatulia. Nilimtazama mama. Kwenye la pili mikono yake ilibaki mapajani. Tulipofika karibu na soko, watu walikuwa wamejiunga nasi, wanawake wa kanisa wakiimba, na yule fundi viatu alitoka kwenye kibanda chake akainama kutazama kazi yake ikipita.

“Mwambie bwana yako,” mama akaniambia, “anaweza kukimbia kidogo.”

Nikamwambia. Akakimbia kidogo, nami nikakimbia, mtoto akirukaruka mgongoni kwangu kuliko bibi yake ndani ya gari. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, nikihema, viatu mkononi.

Padri alipolitaja jina, mama, aliyekaa benchi la mbele, akajibu, “Niko hapa.” Kanisa zima likacheka, na padri pia. Mama hakuona haya. Alikuwa akilia na kucheka pamoja, na mimi vilevile.

Tuliporudi kambini, tulikuwa tumelisahau jambo moja, na jambo hilo lilikuwa limekaa kwenye kiti mlangoni petu, limevaa abakosi mpya, ile suti isiyo na tai, na kukumbatia mkoba. Mchuuzi wa Kalima alikuwa amesafiri toka jana yake kwa sababu ya ujumbe wangu. Alisimama kutusalimu, akalizunguka gari, akalibonyeza pembeni, akaona linavyotulia, akatabasamu. Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu alizima injini. Nilijua atafanya nini, kwa sababu namjua: neno lilikuwa limetoka. Alichomoa ufunguo na kuushika kiganjani, na mama alikuwa bado amekaa kando yake.

Ndipo mama alipofanya kitu ambacho sikuwahi kuona. Alikiteremsha kikwembe mpaka mabegani. Akageuka, si kwangu, akamtazama mume wangu usoni.

“Baba,” akasema, “usiuzishe hii motokari. Njo miguu yangu.”

Wanawake wa kanisa waliotusindikiza wakashikana mikono. Mume wangu hakujua pa kuweka macho, akayaweka kwenye ufunguo. Alijibu kwa sauti ndogo, “Ndiyo, mama.” Kisha akatoka, akamwomba mgeni msamaha mbele ya watu wote kwa kuvunja neno, na mgeni, Mungu ambariki, akasema yeye pia ana mama mkwe. Akakaa akala kuku niliyemkaanga kwa mafuta mazito ya chini, akaondoka na chupa moja ya yale ya juu kwa ajili ya lori lake.

Mume wangu hakuja kula. Alikuwa amefungua boneti, akasema kuna kitu anataka kukitazama, na akabaki ameinama nyuma yake muda mrefu. Injini ilikuwa nzima, hakukuwa na cha kutazama. Nilimpelekea sahani yake hukohuko, na kitambaa cha kufutia uso.