Unga Ulionuka Omena

Mimi si mtu wa kuchekacheka na wateja, na sitaanza leo. Binti yangu alipelekwa semina na ofisi yake akarudi na karatasi inayosema mteja apokewe kwa tabasamu, aitwe kwa jina, aagwe kwa shukrani. Nilimrudishia karatasi yake. Nimewasagia watu wa Eastlands unga tangu miaka ya tisini, uso wangu ukiwa huu huu uliokunjwa, na foleni yangu haijakauka. Ninachokijua kuhusu wateja nilifunzwa na mama mmoja ambaye hata hakunipenda.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, Mkamba asiyependa kuona mtoto mkubwa amekaa nyumbani, kwa hiyo nilichukua kazi ya kwanza niliyopata, katika kisiagi huko Mowlem. Nilipokea nafaka, nikaimimina kwenye mdomo wa mashine, nikakinga unga chini kwa gunia. Jioni nilirudi nyumbani nikiwa mweupe mpaka kope.

Tajiri wangu alikaa kwenye stuli mlangoni na hakutaka maswali. Mama akiuliza mbona unga wake una chengachenga, jibu lilikuwa moja: "Kuna posho ingine huko mbele, enda." Huko mbele hakukuwa na kisiagi kingine ila kwa mwendo wa nusu saa na mzigo kichwani, naye alilijua hilo vizuri.

Kisha akapata wafugaji wa kuku kutoka Lucky Summer. Alfajiri, kabla ya kina mama kufika, tulisaga chakula cha kuku: pumba, mashudu, mahindi yaliyovunda na omena kavu, dagaa wa ziwani, kwa magunia. Nilimwomba nusu saa tu ya kufungua mashine, nitoe chekeche niisugue. Akakataa. "Mahindi ya mtu wa kwanza yataisafisha," akasema. Yaani mtu wa kwanza kwenye foleni ndiye aliyekuwa tambara letu. Nilijua hivyo, na nilinyamaza kwa wiki tatu. Nasema wazi kwamba ninaona haya mpaka leo.

Asubuhi moja mtu wa kwanza alikuwa mama wa kutoka magharibi, upande wa ziwa, muuza sukuma wiki wa ploti ya nyuma yetu. Alikuwa na wimbi gorogoro moja tu, mkebe wa kilo mbili, ndani ya leso iliyofungwa vizuri. Aliniambia, bila kuulizwa, kwamba ni la mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa ameletwa mjini akiugua, hakuwa akimeza kitu ila uji, na uji wenyewe aliutaka wa wimbi lake, alilolilima kwa mkono wake kabla ya kuugua. Hilo gorogoro ndilo lililokuwa limebaki. Nilisikia yote hayo. Nikatazama mashine, nikamtazama tajiri pale mlangoni, nikamimina.

Hata saa moja haikuisha kabla hajarudi na unga wake kwenye sufuria.

"Unga inanuka samaki," alisema. "Mgonjwa amerudisha uji yote. Mmeweka nini?"

Tajiri hakuinuka kwenye stuli. "Si nyinyi ni watu wa samaki? Sasa unalia nini?"

Wanaume wawili waliokuwa wakipita walicheka. Yule mama alinigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyelipokea wimbi lake mkononi.

"Ni ukweli, mama," nikasema. "Asubuhi tumesaga chakula ya kuku na omena, na hatukuosha mashine. Makosa ni yetu. Mimi nilijua na sikukuambia."

"Wewe umeandikwa na nani?" tajiri akafoka. "Mimi ama yeye? Mwambie umekosea kusema."

"Sijakosea."

"Basi toka."

Nikatoka. Mama akaukung'uta ule unga wote pale kizingitini, mbele ya viatu vya tajiri. "Hii sasa ni ya kuku," akasema. "Wape." Akaondoka bila kunitazama.

Baba alinigombeza wiki nzima. Nani hufukuzwa kazi kwa sababu ya wimbi la mtu mwingine? Nilimwambia ningefukuzwa tena. Nikaanza kumfuatafuata mwenye duka mmoja karibu na kwetu, mzee aliyekuwa na mashine ya kusaga iliyolala chini ya magunia kwa kukosa mtu wa kuiendesha. Aliponikubalia nilimpa sharti langu: hapa hakitasagwa chakula cha kuku. Akasema wafugaji ni wateja wa uhakika. Nikamwambia basi atafute mtu mwingine. Akanipa ufunguo.

Siku za kwanza watu walikuja wawili, watatu. Kina mama wa magharibi, ambao ndio wanaosagisha wimbi na mtama kwa wingi, hawakuja kabisa. Walikuwa wakimtazama yule mama wa sukuma wiki, na yeye alikuwa akipita na beseni lake bila kugeuza shingo. Mzee alianza kuniuliza habari za wafugaji tena.

Wiki ya tatu alikuja. Nyuma yake walikuwa wanawake sita na mizigo yao. Aliweka leso yake juu ya meza, wimbi jipya lililotumwa kutoka nyumbani, lakini hakuifungua.

"Fungua mashine nione," akasema.

Niliudhika. Nilikuwa nimepoteza kazi kwa ajili ya huyu mtu! Nusura nimwambie hivyo. Nikakumbuka ni mkono wa nani uliomimina.

Nikachukua spana. Nikafungua nati zote nne, nikatoa chekeche, nikampa aishike. Aliigeuza kwenye mwanga, akainusa mbele na nyuma, kisha akaingiza kichwa kizima ndani ya mashine na kunusa tena. Nyuma watu walianza kulalamika kwamba jua limepanda. Nikawaambia wangoje au waende. Kisha nikairudisha chekeche, nikakaza nati moja moja.

"Bado anaishi?" nikamuuliza. "Bibi?"

"Bado. Saga."

Hakusema asante wala mimi sikutabasamu. Nilisaga wimbi lake, akachovya kidole kwenye unga, akaonja, akafunga leso yake.

Mwanamke wa pili akasogea na debe lake la mahindi. Nikanyoosha mikono nilipokee. Akalivuta nyuma.

"Na mimi pia," akasema. "Nifungulie."

Nikaishika spana tena.