Picha Aliyoagiza Mama

Kamera aliileta binti yangu alipokuja likizo kutoka Dodoma. Ilikuwa bado ndani ya boksi lake, pamoja na kitabu cha maelezo kinene kuliko kitabu chochote ninachofundishia. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari hapa Morogoro mjini, mwaka wa ishirini na sita sasa, kwa hiyo maandishi ya maelekezo hayanitishi. Nilimwambia binti yangu anipe siku tatu tu. Akacheka, akarudi zake Dodoma, na siku ya tatu ikapita nikiwa bado sijui kwa nini kila picha ninayopiga uani inatoka nyeusi tii.

Kumbe kile kigurudumu cha juu nilikuwa nimekiweka mahali ambapo kamera haikusaidii lolote, kila kitu unapanga mwenyewe. Mimi nilidhani hapo ndipo wanapoanzia wanafunzi, kumbe ndipo wanapomalizia. Nilipokihamisha, picha zikaanza kutoka nyeupe, nikaona huo ni mkosi wa aina nyingine.

Lililonikera kuliko yote ni namba za tundu la lenzi. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Nimetumia maisha yangu yote kuwaambia watoto wa watu kwamba mbili ni ndogo kuliko kumi na sita, halafu kifaa hiki kinaniambia nisahau. Nilikifunga kile kitabu kwa hasira, nikakiweka juu ya kabati. Baada ya chakula nikakishusha tena.

Laiti ingekuwa ni kujifurahisha tu, ningeiacha ikae ndani ya boksi lake. Lakini mama alikuwa ameshaiona. Binti yangu alikuwa ameipandisha mlimani kwenda kumwonyesha bibi yake kabla hata sijaishika vizuri, na mama alipoigeuzageuza mikononi aliniagiza nije na kamera hiyo Jumamosi, nimpige picha ya jeneza.

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayeagiza sukari. Mwaka mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mdogo wake, mama yangu mdogo, na hakukuwa na picha yake hata moja ya maana. Vijana walichukua ile ya kitambulisho, wakaikuza mpaka ikaenea fremu, wakaiweka juu ya jeneza. Paji la uso liling'aa kama sufuria, macho yalitoka kama ya mtu aliyefumaniwa. Watu wa vijiji vya mbali walipita mbele ya jeneza wakinong'onezana kuuliza nani amefariki. Mama alikaa benchi la mbele misa nzima akiitazama picha ile, hakulia. Sasa alikuwa anasema yeye hatazikwa na uso wa kitambulisho. Anataka uso wake, na atauchagua mwenyewe akiwa hai.

Kwao ni kijiji kilicho juu ya Mgeta, kwenye baridi, ambako watu wanalima kabichi na njegere kwenye matuta yaliyosimama kama ngazi. Magari ya mboga hushuka yamejaa na kupanda matupu, ukiwahi asubuhi hukosi nafasi. Jumamosi ya kwanza nilimkuta amevaa kitenge cha kina mama wa parokia, amekaa kwenye kiti mbele ya mlango, amenyooka. Nikapiga kama ishirini. Alinyoosha mkono, nikampa kamera, akakitazama kile kioo cha nyuma kwa utulivu.

Uso wote ulikuwa kivuli. Nyuma yake ukungu ulikuwa mweupe, na kamera ilikuwa imeshughulika na ukungu ikamwacha yeye gizani. Akaniuliza huyu niliyempiga ni nani.

Jumamosi ya pili nilirekebisha, akatoka mweupe kama aliyepakwa unga. Ya tatu nilipiga karibu zaidi, nikiwa na hakika, na alipoitazama alitikisa kichwa. Mwanga usoni ulikuwa sawa, lakini nyuma yake, kwenye shamba, kila kikonyo cha njegere kilionekana kimoja kimoja, na yeye alikuwa kama anaonekana kwenye maji yaliyotibuliwa.

“Njegere zimetoka vizuri,” akasema. “Lakini huyu si mimi.”

Nilirudi mjini nimefedheheka. Nyuma ya soko kuna dada mmoja anapiga picha za harusi na za pasipoti, ana studio ndogo yenye pazia la buluu. Nilikwenda kwake jioni baada ya vipindi, nikajieleza. Alinisikiliza, akachukua kamera, akaniambia ina kijiboksi ndani ya kioo, na kile kijiboksi ndicho kinachoamua nani aonekane. Usipokiweka wewe, kinajichagulia. Kisha akaniambia nimpige yeye. Nikampiga. Ilitoka barabara, kope zinahesabika. Nikapiga fundi viatu aliyekuwa nje, ikatoka. Nikampiga hata paka wa muuza samaki. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi, kuuliza si ujinga.

Jumamosi ya nne nikapanda. Nikaweka kijiboksi kwenye jicho la mama. Mkono ukatetemeka, picha ikatikisika. Nikaegemea nguzo, nikapiga tena, kumbe niliacha ile mipangilio ya jioni kule studio, picha ikaungua yote. Nikapanga upya, akawa amefumba macho. Nilipiga picha hamsini na nne siku ile, sikuambulia hata moja.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kwelikweli. Fundi viatu nilimpata kwa mara moja. Paka nilimpata. Mama yangu, aliyekaa kimya kwenye kiti bila kutikisika, simpati. Nilikaa ndani ya gari la mboga nikishuka, magunia ya kabichi yakinisukuma ubavuni, nikaanza kushuku kwamba kosa haliko kwenye kamera wala kichwani mwangu, liko mkononi, na kwamba mkono unakosea kwa makusudi. Kwa sababu nilikuwa nimeona vitu. Nilimwona mama akisimama mara tatu kati ya kisima na nyumba, njia ambayo zamani aliipanda na ndoo kichwani huku akisimulia. Niliona miguu yake imevimba juu ya kandambili. Ndani ya kitabu chake cha sala ilichungulia karatasi ya hospitali, imekunjwa mara nne, na aliponiona naitazama alikifunga kitabu akakiweka mapajani.

Sikuuliza. Kwetu mtoto hamuulizi mama yake kama anakufa, ni kama kumharakisha. Naye hakusema, maana mama hamwambii mtoto. Tukawa tunazungumzia picha tu, kila wiki picha, na mimi sijui kama nampiga mtu mzima anayejipanga mapema kwa akili zake, au namkimbiza mtu anayeondoka. Nilitaka kujua na nilikuwa naogopa kujua. Usiku nilisoma kitabu cha maelezo nikifika ukurasa wa mwisho bila kukumbuka wa kwanza.

Jumamosi ya tano ukungu ulikuwa mwepesi, jua linapita ndani yake kidogo kidogo. Mama amevaa, amekaa. Nimeshapiga mbili mbovu, napanga ya tatu, mara akatokea mtani.

Huyu mzee ni wa ukoo mwingine, wa bonde la pili. Ukoo wake na ukoo wa mama yangu ni watani tangu enzi za mababu. Wao wakifiwa, sisi ndio tunaokwenda kuchimba kaburi na kuwachekesha wafiwa wasife kwa majonzi. Tukifiwa sisi, wanakuja wao. Na kwa kuwa mtani ndiye atakayekuzika, hakuna neno analokatazwa kukuambia ukiwa hai. Anaingia jikoni kwako anafunua chungu, na ukikasirika wewe ndiye mkosaji.

Alikuwa amekuja kuomba mbegu za njegere. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, maana alikuwa amemwona mama na kitenge chake cha kanisani, kiti mbele ya mlango na kamera. Aliuliza kulikoni. Mama akamwambia anapigwa picha ya jeneza. Basi yule mzee akatupa kofia chini, akapiga magoti mbele ya kiti na kuanza kumlilia kwa sauti kubwa, ametuacha, ametuacha, nani sasa atatunyima pombe, nani atatufukuza jikoni. Majirani wawili walichungulia kwenye uzio, wakaona ni mtani, wakarudi kwenye matuta yao.

Mama alicheka. Nilikuwa nimeshaweka jicho kwenye kamera, na kwenye kile kidirisha cha kuchungulia nilimwona akicheka mpaka bega linatikisika, nami kama mpumbavu nikawa natafuta kijiboksi kimeenda wapi. Akamwambia asubiri afe kwanza.

“Basi unakufa lini, mtani?” mzee akauliza, bado amepiga magoti. “Nijue kama nipande njegere au ninoe jembe.”

Swali langu la wiki tano lilikuwa limeulizwa, mchana kweupe, na mtu aliyekuja kuomba mbegu. Sikuondoa jicho kwenye kamera. Niliona aibu kwamba nasikiliza, na nisingeweza kuacha kusikiliza.

“Panda njegere,” mama akasema, kwa sauti ile ile ya utani. “Hizi tutakula sote. Za msimu ujao utakula peke yako.”

Wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mama akaendelea, akimweleza yeye, si mimi, kwamba moyo umekuwa mkubwa na umechoka, kwamba dawa anakunywa, na kwamba daktari wa kule hospitali alikuwa mtu mwema, alimwambia asijidanganye. Alisema yote hayo bila kugeuza shingo upande wangu, na mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Alijua nipo. Ndiyo maana alimjibu.

Kile kidirisha kiliingia ukungu. Nilidhani ni hali ya hewa ya kwetu, nikakifuta kwa kidole, kikaingia tena, ndipo nikaelewa kwamba ni mimi. Niliumia. Sijui namna nyingine ya kulisema. Mtu wa miaka hamsini na mbili, nywele zimeanza mvi, nikasimama pale uani nimejificha nyuma ya kamera kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake.

Mtani ndiye aliyetuokoa, maana ndiyo kazi yake. Alikohoa, akaokota kofia yake, akasema basi atachimba kaburi pana, kwa sababu mama hata kitandani hajawahi kulala amenyooka, na hilo kila mtu kijijini analijua. Mama akacheka tena, mara hii taratibu. Kicheko kilipokuwa kinaisha na mdomo unarudi mahali pake, alimtazama yule mzee kwa namna ambayo nimeiona tangu nikiwa mdogo, namna anavyomtazama mtu aliyemtendea jema na hataki ajue. Nikabonyeza. Sikufikiria namba wala tundu.

Mzee alipewa mbegu zake, akaondoka akiimba wimbo wa mazishi kwa mwendo wa ngoma. Nikaiangalia picha. Niliifunika kwa kiganja ili mwanga usiidanganye, nikaikuza, nikalitazama jicho moja, halafu jingine. Ilikuwa yeye. Mikunjo yote ipo, kovu la utotoni juu ya nyusi lipo, na ule mtazamo upo. Ukimweka mama yangu na picha ile pamoja, hata mtu wa kijiji cha mbali kabisa asingeuliza ni nani.

Mama alinyoosha mkono, kama kila Jumamosi.

Nilijua akiitazama ataikubali. Akishaikubali, alichoniagiza kitakuwa kimekwisha, na sitakuwa na cha kupandia mlimani zaidi ya kuja kumtazama akiondoka. Nikaizima kamera.

“Haijatoka, mama,” nikasema. “Imetikisika.”

Hakuurudisha mkono mara moja. Aliitazama kamera, akanitazama mimi, macho yangu yaliyokuwa bado mekundu, na niliona kwamba ananisoma kama alivyokuwa akinisoma zamani nikiiba sukari.

“Basi utakuja tena Jumamosi?”

“Nitakuja.”

“Haya,” akasema, akaanza kukifungua kile kitenge cha kanisani. “Nitakusubiri.”