Hamamu ya Alhamisi

Mabruka wa Sfax ana miguu ya keshia, mishipa imevimba na kujiviringa kutoka kifundoni hadi gotini. Ukijaribu kumwonea huruma atakukata kauli. "Hii miguu ndiyo iliyozaa chama," atakuambia, na hasemi uongo.

Kwenye supamaketi yao ilikuwa marufuku keshia kukaa, tangu kufungua hadi kufunga. Wawili wakionekana wananong'ona, mmoja anatupwa stoo, na mkataba wake ukiisha ndiyo kwaheri. Mabruka, mjane mwenye watoto wa kusomesha, alitaka wenzake waunde chama cha wafanyakazi wadai viti. Wanaume wa buchani humo dukani wakasema wakutane mkahawani. Mkahawani, jamani! Mwanamke gani angekwenda kukaa kule, mtaa mzima ukimkodolea macho?

Mabruka akasema, "Kwani Alhamisi hatuogi?"

Basi wanawake wakawa wanakutana hamamu, bafu la umma la mtaani, siku yao ya wanawake, ndani ya mvuke, wakisuguana migongo huku wanapanga mambo. Sare hakuna, beji hakuna, mfagiaji na keshia wote sawa, na hata waoga wakapata ulimi. Meneja alikuwa na vibaraka kila kona, lakini kule mwanamume hakanyagi.

Mabruka wetu alisahau kitu kimoja tu, kwamba Naziha naye ni mwanamke. Naziha, msimamizi wa makeshia na sikio la meneja, aliingia na ndoo yake Alhamisi ileile waliyokuwa wanapiga kura ya kuanzisha chama. Mikono yote ikashuka. Mabruka akaona kazi imeota mbawa, na shule ya watoto nayo.

"Endeleeni," Naziha akasema. "Au nimewaletea tauni?"

"Tunaoga, dada."

"Mnaoga mikono juu?"

Naziha akaketi mbele ya Mabruka, akafungua taulo, na miguu yake ikaonekana. Mishipa ileile, tena mibaya zaidi. Kumbe naye alisimama miaka mingi kabla ya kupewa cheo. Akageuka, akampa mgongo, akamnyooshea kitambaa cha kusugulia. Na kule mgongo hupewi na mtu asiyekuamini, wala huusugui wa adui yako.

Mabruka alikitazama kile kitambaa weee. Mwishowe akakipokea, akasugua kwa nguvu zake zote, maana hasira ya miaka haiishi mara moja.

"Taratibu, mwanamke we, utanichuna," Naziha akasema, huku ananyanyua mkono wake juu.

Mikono mingine yote ikapanda.