Sala ya Mama Mutanu kwenye Tangazo la Krispi

Kaveke hakuwahi kutia kitu mdomoni bila kufumba macho na kuomba, hata kama ni pera moja alilopewa njiani. Kwenye kibanda chake cha mboga, soko la Mukuyuni, wateja walisubiri mpaka aseme amina. Kyule, mwenye bucha ya jirani, hakuchoka kumtania: "Mama Mutanu, fumbua macho, sukuma zako zinaondoka."

Watu wa matangazo waliokuja kutafuta sura ya kijijini walimpendea hilo. Walimpa pakiti ya krispi za viazi, wakamwambia ajifanye anaomba mbele ya kamera. Kaveke hakujua kujifanya mbele za Mungu. Aliomba kweli, kwa Kikamba, akimwombea Mutanu, binti yake wa pekee, aliyekuwa akingoja kupasuliwa uvimbe wa tumbo huko Kitui. Kando yake mzee mmoja waliyempanga akawa anachomoa krispi moja moja mpaka zikaisha. Kaveke akasema amina, akafumbua macho, akaikung'uta pakiti tupu.

Tangazo likaanza kuonyeshwa kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Halikusema krispi zile ni tamu wala zinauzwaje. Lilichekesha tu, na maduka ya Mukuyuni yakaishiwa. Mimi, mwalimu wa shule ya hapo, pia nilicheka, na kesho yake nikanunua pakiti mbili bila kujiuliza kwa nini.

Kaveke hakucheka. Alinifuata shuleni, akaniuliza kama sala inayochekwa na nchi nzima bado inafika. Zilikuwa zimebaki siku tisa Mutanu apasuliwe. Alitaka niwapigie wale watu simu waliondoe tangazo. Nilipiga. Kijana aliyepokea alinieleza kwa upole kwamba mtu akishacheka habishani tena na kinachouzwa, na kwamba hawajawahi kupata kitu kinachouza kama ile sala. Kaveke nilimwambia nusu tu, kwamba wamekataa. Kanisani, wanawake walipomwita Mama Krispi, aliinuka akatoka nje.

Mutanu alipasuliwa, akapona. Kaveke ndiye hakurudi. Alibaki Kitui kumuuguza, na mwezi wa Agosti presha ikamchukua. Mara ya mwisho kumwona ni asubuhi ile alipokuwa akienda hospitali, siku mbili kabla ya upasuaji. Nilimwomba msamaha kwamba nimeshindwa kulizuia tangazo.

"Ukiniona kwa TV, mwalimu, cheka tu na wenzako," aliniambia. "Lakini nikifika pale kwa amina, na wewe itikia."